Waliosimama Kabla ya Stonewall

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Kijana mmoja alitueleza barazani kwamba huko Marekani watu waliobadili jinsia, pamoja na wanaume wanaovaa mavazi ya kike, walianza kuwakabili polisi mwaka 1969, katika baa ya Stonewall mjini New York. Je, hakuna waliowatangulia? Na walikuwa wamekosa nini hata wakamatwe?
Msomaji wenu, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Waliowatangulia wapo, na ni haki yao watajwe. Kosa lao lilikuwa nguo. Mji wa San Francisco ulipitisha mwaka 1863 amri ya kumkataza mtu asionekane hadharani na mavazi yasiyo ya jinsia yake, kwa hiyo aliyeishi kama mwanamke ilhali amezaliwa na mwili wa kiume hakuhitaji kuiba wala kupigana ili atiwe rumande. Kutoka nje na gauni lake kulitosha.

Katika mtaa wa Tenderloin mjini humo palikuwa na mkahawa wa Compton's, uliokuwa wazi usiku kucha. Wanawake hao walikusanyika hapo kwa sababu walinyimwa kazi na nyumba, na hata baa nyingi za mashoga ziliwafungia milango kwa kuhofia kuvamiwa na polisi. Mwezi Julai 1966 vijana wa kikundi cha Vanguard waliandamana kwa amani nje ya mkahawa huo kulalamikia wanavyotendewa, wala hawakusikilizwa. Usiku mmoja wa Agosti polisi wakaitwa tena. Askari akamkamata mmoja wa wanawake hao, naye akammwagia kahawa usoni. Papo hapo vikombe, sahani na vyombo vya sukari vikarushwa, vioo vya madirisha vikavunjwa, na mapambano yakahamia barabarani, ambako askari walipigwa kwa mikoba na viatu vya visigino virefu, gari la polisi likavunjwa vioo, na kibanda cha magazeti kikatiwa moto. Sisi hatuwezi kuziita hizo fujo tupu, kwa maana njia ya upole ilikwisha kujaribiwa mwezi mmoja kabla.

Magazeti ya siku hizo hayakuliandika tukio hilo, na lilisahauliwa mpaka mwanahistoria Susan Stryker alipolifufua, akalitolea filamu mwaka 2005.

Tena yupo wa zamani zaidi: William Dorsey Swann, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Maryland, aliyeandaa dansa za wanaume waliovaa kike mjini Washington. Mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya Sultani Hamoud kutoa amri ya kukomesha utumwa hapa kwetu, Swann alihukumiwa kifungo, akamwandikia Rais Cleveland kudai msamaha. Alikataliwa, lakini aliyethubutu kudai alikuwa mtu aliyezaliwa mtumwa.

Amri ile ya mavazi ya San Francisco ilifutwa mwaka 1974.