Mtoto Anayechelewa Kusoma: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumwita Mzito

Katika vijiji vya Newala, mkoani Mtwara, ambako nimefundisha darasa la pili kwa muda mrefu, mtoto anayechelewa kusoma huitwa upesi mzito au mtundu, na akishaitwa hivyo hakuna anayeendelea kumchunguza. Wapo watoto ambao ubongo wao hupokea na kupanga mambo kwa namna isiyofanana na ya wenzao, wakiwemo wenye usonji (hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu), wenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili), na wale ambao kutulia na kushika jambo moja huwawia vigumu kupita kiasi. Watoto huzaliwa na hali hizi, na mara nyingi huonekana kwa zaidi ya mmoja katika ukoo. Hazitokani na uvivu, malezi mabaya wala kurogwa.

Nitakaa zaidi kwenye disleksia, kwa sababu katika Kiswahili hujificha kwa urahisi. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, hivyo mtoto mwenye hali hii, akifundishwa silabi kwa subira, anaweza kufikia kusoma kila neno kwa usahihi, ila kwa mwendo wa kumchosha. Nimekaa kando ya mvulana aliyeweka kidole chini ya neno «korosho», akatamka ko, akanyamaza, akatamka ro, akarudia ko, ndipo akaipata sho; alipofika mwisho wa sentensi fupi, mwanzo wake ulikuwa umekwisha kumtoka. Mwalimu anayepima usahihi peke yake ataandika kwamba anajua kusoma, na anayemwuliza maana ya alichosoma ataona hana jibu. Mvulana huyohuyo nilimsomea kwa sauti hesabu ya mkulima mwenye magunia mawili ya korosho, kila moja kilo 80, aliyeuza kilo 100, naye akasema zimebaki 60 wakati wenzake wakiendelea kunakili swali ubaoni.

Hata hivyo, tusiruke moja kwa moja hadi disleksia. Kwanza mtoto apimwe macho na masikio, kwani asiyeona ubao vizuri hufanana sana na asiyejua kusoma. Pili, wengi wa watoto wetu huja shuleni na Kimakonde, na mtoto anayechanganya r na l, au anayekosa msamiati wa Kiswahili, anajifunza lugha ya pili. Hiyo si kasoro ya kujifunza. Mimi huwasikiliza wakisimulia jambo kwa lugha ya nyumbani, kisha hutazama kama ugumu upo katika maneno yenyewe au katika herufi.

Msaada hauhitaji kusubiri mtaalamu, ambaye kwetu kumpata ni safari na gharama. Nakata kipande cha boksi, natoboa kidirisha cha upana wa mstari mmoja, na mtoto anakisogeza kadiri anavyosoma ili mistari mingine isimvuruge. Simlazimishi kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kumpa kifungu atakachosoma siku moja kabla. Nampunguzia kunakili ubaoni, na ninakubali majibu ya mdomo pale ninapopima uelewa wa somo na si uandishi. Fimbo haimwongezei mtoto huyu kasi hata kidogo. Humfundisha kuchukia kitabu, na nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya wenzangu hawatanielewa.

Kwa mtoto mwenye usonji, kengele ya ghafla na kelele za paredi zinaweza kuwa mateso ya kweli, hivyo mwambie mapema ratiba inapobadilika na mruhusu asimame pembeni. Yule asiyetulia mkalishe mbele, mpe kazi fupi fupi, na mtume kugawa madaftari ili mwili wake upate kusogea.

Familia nazo zishirikishwe kwa heshima. Huku kwetu mara nyingi anayekuja shuleni ni bibi au mjomba, na swali la kwanza huwa kama mtoto amerogwa. Sibishani naye. Humwambia, «Bibi, mjukuu wako ana akili nzuri ya hesabu,» nikamwonyesha daftari, kisha ndipo tunazungumzia kusoma.

Hatari kubwa zaidi huja kidato cha kwanza, pale masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake haifuati matamshi, na mtoto aliyekuwa akijikongoja anaanguka ghafla bila mtu kujua sababu. Kwa hiyo mwalimu wa msingi aweke kumbukumbu za maandishi tangu darasa la pili: nini kinamkwamisha, nini kinamsaidia. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ukiwemo wa kuongezewa muda, hivyo mwalimu mkuu aulize mapema, kabla ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kama mtoto huyo anaweza kunufaika nao. Nakala ya kumbukumbu hizo akabidhiwe mzazi au mlezi, aipeleke mwenyewe kwa mwalimu wa darasa wa sekondari katika wiki ya kwanza ya masomo.