Mwanga unaotikisika mara moja kila nusu saa

Nilipokuwa sekondari hapa Goma, sehemu ya hesabu na fizikia, siku moja nilirudishiwa karatasi ya intero (jaribio la darasani) yenye sifuri, na pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Utangoja mpaka saa ngapi?" Sikuelewa. Swali lilikuwa jepesi: mwanga wa kijani wa leza una urefu wa wimbi wa nanomita 532, tafuta masafa yake. Kanuni niliijua, mashine ya kuhesabia nilikuwa nayo (ya kuazima, lakini nzima), na jibu langu lilikuwa hezi 5.64 × 10⁻⁴.

Nikaenda kulalamika, maana rafiki yangu alikuwa na 5.64 vilevile na amepewa alama zote. Mwalimu hakukasirika. Akaniambia, "Kijana wangu, masafa ni idadi ya mitikisiko katika sekunde moja. Sasa gawa moja kwa jibu lako." Nikagawa. Sekunde 1,773. Yaani mwanga wangu ulitikisika mara moja, kisha ukapumzika karibu nusu saa kabla ya kutikisika tena. Wenzangu walinicheka hadi kengele ikalia, na mpaka leo yupo anayeniita "Nusu Saa".

Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha watoto wa mtaa jioni, wale wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kila mwaka naiona 10⁻⁴ ile ile ikirudi kama mgeni aliyezoea nyumba. Kwa hiyo acha nieleze ninavyowafundisha.

Siku ya kwanza siandiki kanuni. Nawauliza kuhusu chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Fikiria chukudu mbili zinateremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, zinakwenda sambamba, hakuna inayoipita nyingine. Moja ina magurudumu makubwa, nyingine madogo. Lipi linazunguka mara nyingi zaidi? Hakuna mtoto wa Goma anayekosa hapo: dogo. Kama mzingo wa gurudumu ni mita moja na chukudu inakwenda mita sita kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara sita kwa sekunde. Mzingo ukiwa nusu mita, linazunguka mara kumi na mbili. Umegawa mwendo kwa mzingo, basi. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Mzingo ndio urefu wa wimbi, mizunguko kwa sekunde ndiyo masafa, na rangi zote zinakwenda mwendo mmoja zikiwa mahali patupu. Nyekundu ina gurudumu kubwa, zambarau ina dogo.

Mwendo wenyewe ni mita 299,792,458 kwa sekunde, kamili, bila desimali, kwa sababu tangu 1983 mita yenyewe inapimwa kwa kutumia mwendo huo. Darasani tunaandika 3 × 10⁸ na hakuna anayeumia; tofauti haifiki hata moja kwa elfu.

Kuna mtego mdogo ambao sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunaujua vizuri. Vitabu vingi vinaandika masafa kwa herufi ya Kigiriki ν, ambayo ubaoni, kwa chaki na mkono wa haraka, ni v ya mwendo tupu. Nimeona mtoto mwenye akili akigawa masafa kwa masafa bila kujua. Kwangu masafa ni f. Kitabu kikisema vingine, mnakitafsiri kwanza ndipo mnaanza kuhesabu.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Nanomita moja ni mita 10⁻⁹, kwa hiyo nilibonyeza hivi: 3 × 10⁸ ÷ 532 × 10⁻⁹. Ukiisoma kwa macho unaona sehemu moja juu na nyingine chini. Mashine haioni juu wala chini. Inakwenda kutoka kushoto: inagawa kwa 532, halafu matokeo *inayazidisha* kwa 10⁻⁹ badala ya kuyagawa. Ndiyo maana tarakimu zinatoka safi, 5.64, na kipeo kinakuwa takataka. Dawa ni mabano: 3 × 10⁸ ÷ (532 × 10⁻⁹). Au tumia kitufe cha EXP, ambacho hufanya namba na kipeo chake viwe kitu kimoja. Ukifanya hivyo unapata 5.64 × 10¹⁴.

Lakini mimi mwenyewe nikiwa sokoni au ndani ya basi situmii hata mashine. Ukiweka urefu wa wimbi kwa nanomita na masafa kwa terahezi (terahezi moja ni hezi trilioni moja), kuzidisha hivyo viwili daima kunatoa karibu 300,000. Mwanga wa nanomita 600, wa rangi ya machungwa, ni terahezi 500. Wa nanomita 500 ni terahezi 600. Wa leza yetu: 300,000 ÷ 532, karibu 564. Vipeo vyote vimetoweka, na pamoja navyo nusu ya makosa. Mwanga tunaouona kwa macho unakaa kati ya terahezi 400 na 790 hivi. Jibu likitoka nje ya hapo na swali linasema mwanga wa rangi fulani, usigeuze ukurasa.

Kanuni ile ile inafanya kazi kwenye redio. Kituo cha FM cha megahezi 100 kina wimbi la mita tatu, urefu wa mlango na nusu. Nawapa hilo ili wasidhani fizikia ya mwanga ni dini ya peke yake.

Mtoto mmoja aliniuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichonacho. Anakumbuka usiku wa kabla ya Mei 2021, kabla Nyiragongo, volkano yetu, haijalipuka mara hii ya mwisho, jinsi mawingu juu ya kreta yalivyokuwa mekundu. Akataka kujua masafa ya wekundu ule. Nilifurahi sana, maana jibu ni kwamba haina masafa moja. Lava inayowaka inatoa mchanganyiko wa mawimbi ya kila urefu, na sehemu kubwa ni infraredi ambayo jicho haliioni kabisa. Tunachokiona ni mkia tu. Kanuni yetu inataka urefu mmoja wa wimbi. Leza inao. Mlima hauna.

Wiki iliyopita, saa tatu usiku, umeme umeshakatika, mwanafunzi wangu mmoja akanitumia picha ya daftari iliyopigwa kwa mwanga wa tochi. Swali: ndani ya maji, mwanga una urefu wa wimbi wa nanomita 400, tafuta masafa. Yeye kapata terahezi 750, na chini kaandika (Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa): "Yaya, hii ni zambarau, lakini swali linasema leza ya kijani. Wamekosea?"

Nikamjibu: "Ukipiga mbizi ziwani na sandali ya kijani, inageuka zambarau?"

Kimya. Kisha: "Hapana."

"Basi maji yamebadilisha nini?"

Akachukua muda. Majini mwanga unapunguza mwendo, karibu kilomita 225,000 kwa sekunde badala ya 300,000. Chukudu imeingia kwenye mchanga wa lava. Lakini leza bado inatikisika vilevile kule ilikotoka, na maji hayawezi kuongeza mtikisiko wala kuuficha, kwa hiyo wimbi ndilo linalofupika: 532 inakuwa 400. Ukitumia urefu wa majini, lazima utumie mwendo wa majini pia. Yeye alikuwa amechukua mzingo wa chukudu iliyokwama akaugawia mwendo wa ile iliyo kwenye lami.

Haya yote sikumwandikia. Nilimwandikia tu: "Mwendo wa wapi?"

Baada ya dakika nne ikaja picha nyingine, imepinda, kidole kimefunika kona. 2.25 × 10⁸ juu, 400 × 10⁻⁹ chini, jibu 5.6 × 10¹⁴, na pembeni kwa herufi ndogo: "mabano niliweka, Yaya."