Plagi ni kazi ya alfajiri, usizifungue leo jioni

Usifungue. Kama umeshapaki na boneti iko juu, ishushe kwanza usome hapa.

Umeandika kwamba unatoka Mombasa na Corolla 110 yako, injini ni 5A, inatetemeka ikisimama na kukohoa ukikanyaga mafuta, na umeshanunua plagi nne, zile za kuwasha petroli kwa cheche ndani ya injini, pamoja na waya zake. Umeuliza mambo mengi, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi moja: kwamba ukifika Malindi utazitoa papo hapo, injini ingali moto, "maana chuma cha moto hulegea". Sentensi hiyo niliambiwa mimi, neno kwa neno, na muuza spea mmoja hapa mjini mwaka 2019. Gari kama lako, injini kama yako. Plagi nilinunua kwa Sh1,600. Kufikia siku gari liliporudi barabarani nilikuwa nimetoa Sh41,500.

Nilifika nyumbani Muyeye baada ya Alasiri, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, jua la kaskazi likiwaka. Nikaliegesha chini ya mwarobaini na sikungoja hata dakika kumi. Plagi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Ya tatu ikazunguka robo vizuri, kisha ikawa nzito. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana nipate nguvu. Ikalia, kilio kirefu chembamba, nami nikazidi kuvuta mpaka ikatoka. Kwenye thredi zake, ile mistari ya kuzungushia, kulikuwa na vinyuzi vyeupe vinavyong'aa, vimejiviringa kama nazi iliyokunwa. Nikavifuta kwa kitambaa nikaendelea na kazi.

Vile vinyuzi vilikuwa thredi za hedi yangu, kile kipande cha juu cha injini ambamo plagi hufungwa.

Sikiliza, ndugu yangu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Plagi ni chuma cha pua, hedi ya 5A ni alumini. Ikipata moto, alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, na pia huwa laini. Kwa hiyo ni kweli plagi huanza kuzunguka kwa wepesi, na wepesi huo ndio unaomfanya mtu aamini. Lakini zile thredi za mwisho, zinazochungulia ndani ya silinda, zina masizi yaliyogandamana kwa miaka. Masizi hayo hupanda juu pamoja na plagi, yanakwaruza alumini iliyolainika, na vikianza kung'ang'aniana ni kile cha laini kinachochunika. Plagi hutoka salama. Tundu ndilo linaloharibika.

Na ubaya hauishii kwenye kutoa. Ukifunga plagi ya baridi kwenye hedi ya moto, usiku hedi ikipoa hujibana juu ya plagi. Siku utakapotaka kuitoa tena utakuta kama imelehemiwa.

Mimi nilifunga vivyo hivyo. Plagi mpya nikaitia kwenye soketi, soketi kwenye spana, nikaishusha kisimani, lile shimo refu inamokaa, moja kwa moja na kuanza kukaza. Ya tatu iliingia imeinama. Mkono uliniambia, wallahi nakumbuka, ilikuwa nzito tangu mzunguko wa kwanza, na plagi nyingine hazikuwa hivyo. Lakini yule muuzaji alikuwa ameniambia kaza mpaka isiende. Nikakaza. Mwishoni ikalegea ghafla kidogo, kama unayebana ndizi, halafu ikashika. Nikapiga stata, injini ikaunguruma vizuri kabisa, nikaona kazi imekwisha.

Siku ya kumi na moja nilikuwa nampeleka mama arusini Mambrui. Tumelivuka daraja la Sabaki, naongeza mwendo, nikasikia paa! kama bunduki chini ya boneti, kisha gari likaanza kupiga kelele za upepo, tafu tafu tafu, na nguvu ikaisha. Mama alianza kutoa shahada. Plagi ya tatu ilikuwa imeruka nje na waya wake na kubonyeza boneti kwa ndani. Petroli iliyochanganyika na hewa ilikuwa inatemwa nje ya tundu, juu ya injini ya moto, karibu na waya zenye cheche. Nilizima haraka, na mpaka leo nikipita pale namshukuru Mola kwamba nilizima haraka. Mama alimalizia safari kwa bodaboda na leso zake za arusi mkononi.

Nilimrudia yule muuzaji. Nilikwenda na plagi yenyewe, na alumini ingali imeng'ang'ania thredi zake. Akaitazama, akaniambia kosa ni langu, sikukaza vya kutosha. Mtu huyu hajawahi kunishikia spana, hajawahi kuifungua hiyo injini, na anazungumza kwa sauti ya uhakika kuliko fundi aliyeshinda chini ya magari miaka thelathini. Kila siku anauza plagi na ushauri kwa vijana walionyimwa pesa ya fundi, na ushauri wake ukiwavunjia gari hurudi kwake kununua spea nyingine. Ninakasirika mpaka sasa. Nimesoma sentensi yake kwenye swali lako na damu imenipanda, kwa hiyo nisamehe kama nakuandikia kwa ukali. Ukali si wako.

Aliyenivuta kutoka Sabaki aliniambia tundu litazibwa kwa gundi ya chuma. Ilishika siku tatu. Wa pili akasema atachonga thredi mpya bila kutoa hedi. Inawezekana, lakini tapu, kile chuma cha kuchongea thredi, hupakwa grisi nzito ili vumbi la alumini linase, na kila baada ya mzunguko mmoja au miwili hutolewa ikafutwa. Yeye aliizungusha kavu mpaka chini. Vipande vikaanguka ndani ya silinda, vikakwaruza ukuta, gari likaanza kutoa moshi wa buluu. Hatimaye hedi ilishushwa kwenye karakana moja Mombasa, wakatia helikoili, ile springi inayokuwa thredi mpya za tundu, wakaisawazisha hedi, gasketi mpya, ringi mpya. Ndiyo hizo Sh41,500. Sh1,600 za plagi sijaziingiza humo.

Basi ukifika leo, paki, funga gari, lala. Plagi ni kazi ya alfajiri, kabla injini haijawashwa. Ukiweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu, kile cha juu kabisa cha injini, kisikupe joto lolote. Vuguvugu bado ni moto.

Alfajiri, kabla ya kulegeza chochote, puliza visima vya plagi. Kwenye 5A plagi zimekaa ndani kabisa ya visima katikati ya injini, na huku kwetu visima hujaa mchanga. Tumia kompresa ya wabandika tairi au hata pampu ya baiskeli. Kisha legeza kila plagi robo mzunguko tu, puliza tena, maana mchanga uliokuwa umekwama chini sasa umeachia. Ukikuta mafuta kisimani, mipira ya kifuniko cha valvu imechoka. Yafyonze kwa kitambaa kabla hujaendelea, la sivyo yataingia ndani ya silinda.

Plagi ikiwa nzito inapotoka, usiivute. Irudishe ndani nusu mzunguko, tia mafuta ya kulegezea kutu, subiri unywe chai, kisha itoe kwa kwenda na kurudi. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Ya kwangu ingetoka hivyo kwa dakika ishirini.

Kuingiza ndiyo roho ya kazi nzima. Tafuta bomba la mpira la petroli, urefu wa shubiri moja na nusu, ulichomeke kwenye kichwa cha plagi mpya. Ishushe kisimani kwa bomba hilo. Kwanza izungushe kinyume, kama unafungua, mpaka usikie inadondoka kidogo: hapo thredi zimekutana. Sasa zungusha kufunga, kwa vidole viwili tu. Ikiwa imeinama, bomba litateleza juu ya plagi na halitaweza kuilazimisha, na hiyo ndiyo sababu ya kutumia bomba badala ya spana. Vidole viifikishe plagi mpaka ikae. Thredi zake zina urefu wa milimita 19, kwa hiyo ni mizunguko kama kumi na tano. Ikikwama kwenye wa tatu, toa uanze upya hata mara kumi. Spana isiguse plagi mpya mpaka vidole vimemaliza safari yote.

Baada ya hapo soketi ya 16, nusu mzunguko hivi ili washa mpya, ile pete ya chuma iliyo kwenye plagi, ibonyee, basi. Ukiweza kuazima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, iweke kwenye Nyutoni-mita 18. Ni nguvu ndogo kuliko unavyodhani, mkono wako utataka kuongeza. Usiongeze. Na usipake grisi kwenye thredi, hata kama chumvi ya bahari yetu inakutia hofu ya kutu. Plagi za NGK, kwa mfano, zimepakwa madini ya kuzuia kutu tangu kiwandani, na watengenezaji wenyewe wanakataza grisi kwa sababu plagi yenye utelezi hukazika kupita kiasi bila mkono kuhisi.

Waya: badilisha mmoja mmoja, toa wa zamani, weka mpya wa urefu ule ule, ndipo uguse mwingine. Ukizing'oa zote nne utaanza kukisia, na mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, si kwa foleni. Vuta kwa kushika kofia ya mpira, usivute waya wenyewe.

Kabla hujafunga chochote, zitazame plagi za zamani kwenye mwanga, hasa thredi zake. Zikiwa nyeusi tupu, shukuru. Ukiona vinyuzi vyeupe kama vile nilivyokueleza, weka spana chini, piga picha, uniandikie hapa. Baada ya swala ya alfajiri nitakuwa macho na simu mkononi.