Unataka kufukia kaboni ardhini? Anza na presha, nafasi baadaye

Kuna dogo wa chuo hapa Dar kanitumia meseji, "kaka nafanya projekti ya kuhifadhi kaboni dayoksaidi chini ya ardhi, nataka modeli yangu imeze gesi nyingi kadiri inavyowezekana, naanzia wapi?" Nilianza kumjibu nikaona inakuwa ndefu, bora niiweke hapa maana najua mpo wengi mnaoitaka hii fani.

Dogo, achana na nafasi kwanza. Kila mtu anapiga hesabu ya vitundu vya mwamba, anapata mamilioni ya tani, anafurahi. Mimi nilisimama mbele ya jopo nikasema kinachobana ni presha, mzee mmoja akanikata katikati eti hayo mambo ni ya Wanorwe, sisi tuna shida zetu, ukumbi mzima ukacheka. Nilirudi Ubungo siongei na mtu. Sasa kazi ile ile imekubaliwa na jarida mwezi huu, nimefurahi sana, ila kile kicheko bado kinaniuma.

Iko hivi. Gesi tunaishusha kuanzia kama mita 800 kwenda chini kwa sababu huko joto linapita nyuzi 31 na presha inapita baa 74, gesi inabanwa inakuwa nzito, inakula nafasi ndogo. Lakini mwamba wenyewe umejaa maji chumvi na lazima yasogee kupisha. Ni kama daladala ya Mbagala asubuhi, nyuma kuna nafasi ila mlangoni hapapitiki. Ukilazimisha, mwamba unapasuka, na mfuniko wa juu, yaani ule mwamba unaozuia gesi isipande, ukipasuka ndo umeharibu kila kitu.

Angalia mradi wa kufukia kaboni wa In Salah kule Algeria, walianza 2004, wakasukuma karibu tani milioni 4, setilaiti zikaonyesha ardhi inanyanyuka, 2011 wakasimamisha kwa kuhofia mfuniko. Norwe wenyewe pale Snøhvit walianza 2008, presha ikapanda kuliko walivyotegemea, 2011 wakahamia tabaka lingine. Halafu Sleipner, Norwe hiyo hiyo, walianza 1996, kwa miaka mingi wakasukuma karibu tani milioni moja kwa mwaka kupitia kisima kimoja tu, kwa sababu tabaka lao la mchanga, linaloitwa Utsira, ni pana na linapitisha vizuri. Tofauti ni mwamba, na mwamba unaongea kwa presha.

Kwa hiyo weka ukomo kwanza, wengi wanatumia asilimia 90 ya presha ya kupasua mwamba, ndo uiache kompyuta itafute kasi ya kusukuma na mahali pa visima. Visima visikaribiane, presha zao zinakutana. Mwamba ukiwa mgumu kupitisha jaribu kisima cha mlalo, au toa maji chumvi pembeni kama wanavyofanya kwenye mradi wa Gorgon, Australia. Na usisahau chumvi inayoganda mdomoni mwa kisima gesi ikikausha maji, inaziba njia na presha inapanda tena. Narudia, presha.

Na vijana wenzangu msikubali kuambiwa hii si yetu. Gesi ya Songo Songo inakuja Dar tangu 2004, na mwamba uliotolewa gesi mara nyingi presha yake imeshuka, yaani una pa kuanzia. Nani atazipiga hizo hesabu kama si sisi?

Programu ya bure ya kuigiza gesi na maji vinavyosogea mwambani ipo, OPM Flow, na data za Sleipner ziko wazi mtandaoni. Dogo, gridi ndogo, yaani mwamba uliogawanywa vipande vichache vya hesabu, inatosha kwenye laptopu yako, endesha kisima kimoja, nitumie grafu ya presha kabla hujaongeza cha pili.