Hukumwita wewe, kaitwa na uliyemwita

Mwanangu,

Umeniuliza: msimbo wako haufiki mistari 90, kazi yake ni kusoma joto la bruda (banda la kuwapa joto) ya vifaranga na kuliandika kwenye siriali, sasa kwa nini linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo, inalalamika kwamba haimpati `_sbrk`, fanksheni ambayo hujaiandika popote? Na je, ukinakili `_sbrk` ya mtu mtandaoni kuna ubaya?

Usinakili kwanza. Lalamiko litanyamaza, lakini waliomleta watabaki.

`_sbrk` ndiye anayeombwa ramu zaidi, na anayemwomba ni `malloc`, fanksheni ya kugawa ramu wakati programu inaendelea. Najua hukumwita `malloc`. Umeita `printf`, fanksheni ya kuandika maandishi, yenye `%.1f`, yaani desimali ya tarakimu moja. Kugeuza desimali kuwa tarakimu, `printf` ya newlib, maktaba ya C unayoitumia, humwita `_dtoa_r`, naye hutaka nafasi ya kufanyia hesabu, ndipo `malloc` anapoingia na `_sbrk` nyuma yake. Chipu yako, STM32F030F4, ina flashi (mahali programu inapokaa) ya kilobaiti 16 na ramu ya kilobaiti 4. Kichakato chake, Cortex-M0, hakijui desimali, hata amri ya kugawanya namba nzima hakina. Kila hesabu ya desimali inaletwa kama msimbo kutoka libgcc, maktaba ya msaada ya GCC, kikusanyaji chako. Mstari mmoja, na ukoo mzima umeshaingia sebuleni.

Ukipenda boga, penda na ua lake. Kwenye kompyuta ya mezani nakubali. Kwenye kilobaiti 16, ua linaweza kulishinda boga.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kihisi chako, DHT22, hutuma joto likiwa tayari limehesabiwa kwa sehemu za kumi. Nyuzi 34.5 hukujia kama 345. Wewe unaigawa kwa 10.0, unapata desimali, halafu unambebesha `printf` kazi ya kuirudisha kuwa tarakimu. Iache 345. Gawa kwa 10, andika jibu, andika nukta, andika baki. Kugawanya huko nako kutaleta kitu kutoka libgcc, ila ni kidogo, mkaribishe. Tarakimu ziandike kwa fanksheni yako mwenyewe, maana `printf` ile huja na mzigo wa desimali hata ukimpa `%d` peke yake. Ukimhitaji kweli, jenga kwa `--specs=nano.specs`, inayoleta newlib nyepesi.

Usitegemee `--gc-sections`, chaguo la linka, ikuokoe hapa. Hiyo hufagia kisichoitwa na yeyote, na hawa wote wameitwa.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Zamani nilitengeneza kifaa cha betri, programu ikakataa kutosha kwenye flashi. Usiku mbili nilipunguza msimbo wangu mwenyewe, mpaka nikafuta ukaguzi wa volti ya betri. Kikaenda kwa mteja hivyo, na betri zikafa bila onyo. Baadaye ndipo nilipofungua faili la ramani, orodha ya linka ya kila kilichoingia: aliyejaza flashi alikuwa `assert` moja, ukaguzi wa sharti niliouweka kwa ajili ya usalama. Ikishindwa, `assert` huandika ujumbe, na kwa ujumbe huo ilikuwa imevuta familia yote ya `fprintf`. Nilikuwa nimefuta kilichofaa nikabakiza kisichofaa, kwa sababu tu sikutazama.

Kwa hiyo leo, kabla hujafuta hata mstari mmoja, ongeza `-Wl,-Map=bruda.map` unapojenga. Orodha ya mwanzo ya faili hilo inataja kila kipande kilichotolewa maktabani, na pembeni yake faili lililokiita na jina lililoitwa. Anza na `_sbrk`, panda juu hatua kwa hatua hadi ufike kwenye faili lako. Ukikutana na `memcpy` au `memset`, usihangaike. GCC huziita yenyewe, kwa mfano unaponakili muundo mkubwa. Weka pia `-Wdouble-promotion`, ikuonyeshe mahali `float`, desimali ndogo, inapogeuka `double`, desimali kubwa, bila wewe kukusudia.

Ukiona jina usilolielewa, nitumie orodha hiyo tuisome pamoja kwenye simu jioni. Na ule ukaguzi wa joto kupanda kupita kiasi, usiuguse.

Baba yako