Maswali ya Wasomaji: Mlima Umesogea, au Vipimo Ndivyo Vimesogea?

Swali: Tunafuatilia mteremko wenye nyufa kwa skana ya leza inayosimamishwa chini. Tumepima mara mbili, miezi mitatu ikipita katikati. Tulipolinganisha mawingu mawili ya nukta (nukta nyingi zilizopimwa, zinazochora umbo la mteremko), karibu kila mahali palitoa tofauti ya sentimita 4, hata mwamba imara ng'ambo ya ufa. Je, mlima wote unatembea?

Jibu: Hapana. Mwamba imara ukionyesha msogeo uleule wa udongo uliopasuka, shukuni kwanza namna mlivyooanisha vipimo. Kila skana inaposimamishwa upya inakuwa na mahali na mwelekeo mpya, na wingu la pili lazima lirudishwe juu ya la kwanza. Kosa la pembe la digrii 0.01 tu huzaa karibu sentimita 9 kwenye umbali wa mita 500.

Yaelekea mliiachia programu ioanishe wingu zima. Programu hutafuta mkao unaopunguza tofauti kwa jumla, kwa hiyo ardhi iliyosogea huivuta hesabu upande wake: poromoko linapunjwa, mwamba unasingiziwa. Rudieni hivi. Kateni eneo lote mnalolishuku pamoja na kingo zake, kisha ondoeni majani na vifusi. Oanisheni kwanza kwa shabaha, yaani vibao vya alama vilivyofungwa kwenye mwamba. Tatu zinatosha kwa hesabu, lakini kwa tatu hamtajua kwa urahisi ni ipi iliyogongwa, fungeni tano. Halafu programu isawazishe kwa mwamba imara pekee, na mwamba huo ulizunguke eneo juu, chini na kando. Mkitegemea kipande kimoja kilicho karibu na skana, wingu litacheza juu yake kama mlango kwenye bawaba. Kipande kingine imara msikitumie kabisa katika kuoanisha. Hicho ni cha kukagulia. Tofauti yake isipokaribia sifuri, msiendelee.

Baada ya hapo tafuteni kiwango cha chini cha msogeo mnachoweza kukiamini. Tuseme ukwaruzo wa uso wa mteremko, yaani kutokuwa laini kwake, ni sentimita 3, kila wingu lina nukta 25 mahali panapolinganishwa, na kosa la kuoanisha ni sentimita 1. Tatu kwa kipeo cha pili ni 9. Gawanyeni kwa 25 mpate 0.36; mawingu mawili ni 0.72, ambayo kipeuo chake cha pili ni karibu 0.85. Ongezeni ile 1, zidisheni kwa 1.96, kizidishio cha uhakika wa asilimia 95: sentimita 3.6. Chini ya hapo msitangaze msogeo, hata ramani ya tofauti iwe nyekundu kiasi gani. Oneni pia kwamba kuongeza nukta kunapunguza ile 0.85 tu. Kosa la kuoanisha halipungui hata mkipima usiku kucha.

Jambo dogo linalosahauliwa: ingizeni halijoto na kanieneo ya hewa kwenye skana. Kukosea nyuzi 10 za Selsiasi ni karibu sentimita 1 kwa kila kilomita.

Swali: Kipeperushi cha skana yetu kinasema usahihi wa milimita 5. Mbona kwenye mita 800 ufa wa sentimita 10 hauonekani?

Jibu: Milimita 5 ni za umbali, si za upana wa mwale. Mwale unaotanuka kwa miliradiani 0.3, yaani sentimita 3 kwa kila mita 100, unafikia mita 800 ukiwa na doa la sentimita 24 au zaidi, na ukigonga uso kwa kuinama digrii 60 kutoka wima wa uso huo, doa linarefuka maradufu. Ufa wa sentimita 10 unamezwa. Kusogeza nukta karibu karibu hakusaidii sana, maana madoa yanapandana tu. Sogezeni skana, tena mahali panapoutazama mteremko uso kwa uso. Kama leza yenu ni ya urefu wa wimbi wa nanomita 1550, msipime mwamba ukiwa umelowa: maji huifyonza na wingu hutoboka.

Swali: Ramani ya tofauti inaonyesha kichwa cha poromoko kimezama na mguu umevimba, ila katikati hakuna kitu. Katikati pametulia?

Jibu: Msiamini. Programu hupima umbali unaokata uso kwa pembe mraba. Udongo ukiteleza sambamba na mteremko, uso mpya unakaa palepale ulipokuwa wa zamani, na tofauti inasoma sifuri ingawa kila kitu kimeshuka. Chagueni mawe makubwa yanayotambulika katika vipimo vyote viwili, mlinganishe kitovu cha kila jiwe. Mawe yaliyobingirika peke yake yatajitenga na wenzake kwa mwelekeo; yatupeni. Yaliyobaki yakielekea upande mmoja kwa kiasi kinachokaribiana, hapo katikati panasafiri, na kipimo kinachofuata kisingoje miezi mitatu mingine.