Maswali ya Wasomaji: Ufa wa Kiwanja, Jiko la Mkaa na Mto Usiongoja Mvua

Kifuku kikikaribia, barua za aina moja hutuzidi mezani. Safari hii tumechagua sita. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Nina kiwanja Uyole, upande wa mlimani. Fundi alichonga ukingo wa kama mita 3 ili apate uwanja wa kujenga. Sasa juu ya ukingo kumetokea ufa. Jirani anasema ni kiangazi tu, udongo unapasuka. Nimwamini? (Msomaji, Mbeya)

Usimwamini wala usimpinge kabla hujauangalia ufa wenyewe. Udongo ukipasuka kwa kiangazi, nyufa huwa nyingi, huungana kama gamba la kobe, na mvua ya kwanza huzifunga. Ufa wa mteremko unaotaka kushuka huwa mmoja au miwili mirefu, umepinda kama mundu, na ncha zake zinaelekea bondeni. Weka ubao mnyoofu juu yake: kama upande wa chini umeshuka hata sentimita 2 kuliko wa juu, hicho si kiangazi.

Kisha upime. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, gonga msumari juu ya kila kigingi, na upime umbali wa msumari hadi msumari kwa futi ya fundi. Andika tarehe na milimita. Kiangazi pima mara moja kwa wiki, kifuku kila asubuhi. Umbali ukiongezeka siku hadi siku wakati mvua inanyesha, familia isilale humo. Dalili nyingine zisizosubiri mjadala: mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama, nguzo au miti inainama upande mmoja, chemchemi inaibuka mahali pasipokuwa na maji, au kijito kinakauka ghafla katikati ya mvua. Hiyo ya mwisho ina maana kwamba udongo umekwisha kuziba njia ya maji huko juu.

Kwa nini Mbeya? Sehemu kubwa ya udongo wa huku ni majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na volkano za Ngozi na Rungwe. Udongo huo unalimika vizuri na unachongeka kwa jembe, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Lakini una matundu mengi ya kunywa maji. Ukishiba unakuwa mzito, na maji yaliyomo yanazitenganisha chembe zilizokuwa zimeshikana. Wewe umeshauondolea kitako kilichokuwa kinaushikilia. Aprili 2024 tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetele lilifukia nyumba na majengo ya shule kata ya Itezi, si mbali na hapo kwako.

La kufanya linaanza na maji, kabla hujafikiria ukuta. Piga hesabu hii: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 4,000. Kama huna gata, lita zote hizo zinazama kwenye msingi wako, na za jirani wa juu zinazama kwenye ukingo wako. Funga gata, maji yaende kwenye tanki, na ziada ipite kwenye bomba hadi mtaro wa mawe ulio chini ya kiwanja. Shimo la choo na la maji taka lisikae juu ya ukingo hata kidogo, maana linalowesha mteremko mwaka mzima.

Juu ya ukingo chimba mtaro wa kukinga maji, kina cha sentimita 30 hadi 40, unaoshuka kama sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili maji yatembee. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachimba makinga maji ya shambani, yale yanayotuama ili mahindi yanywe. Shambani ni elimu nzuri. Juu ya nyumba ni kuunywesha mlima. Ufa wenyewe uujaze udongo wa mfinyanzi, uushindilie, kisha uufunike kwa turubai.

Ukiamua kujenga ukuta wa kuzuia udongo, mwambie fundi aweke matundu ya kutolea maji: bomba za inchi 2 au 3 kila baada ya mita 2, na nyuma ya ukuta ajaze kokoto, si ule udongo aliouchimba. Kuta nyingi tunazoziona zimelala barabarani hazikuangushwa na udongo, ziliangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Nyumba ikae mbali na ukingo si chini ya kimo cha ukingo. Kwako ni mita 3, na mara mbili yake ni bora. Majani ya vetiva yaliyopandwa kwa safu, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, yanashika udongo wa juu. Mporomoko wa kina hayauwezi. Na kama huko juu kuna milingoti (mikaratusi), usiikate yote kwa mkupuo: mizizi huoza taratibu, na mteremko hulegea miaka michache baadaye, wakati mbao zimeshauzwa na kila mtu amesahau.

Vigingi vikionyesha ufa unatembea, peleka daftari lako kwa mtendaji wa kata na kwa mhandisi wa halmashauri. Daftari lenye tarehe lina nguvu kuliko maneno.

Mtendaji wetu anasema “majanga”, diwani anasema “maafa”. Ni kitu kimoja? (Msomaji, Vwawa)

Hapana, na kuyachanganya kunatufanya tumlaumu Mungu kwa mambo ya fundi. Janga ni kile chenye uwezo wa kudhuru: mvua kubwa, tetemeko, moto, lori lililokatika breki. Maafa ni pale janga linapowakuta watu na mali, na madhara yakaizidi jamii isiweze kujimudu yenyewe. Katikati kuna udhaifu, yaani mambo yanayomfanya mmoja aumie na mwenzake apone kwa tukio lilelile.

Mfano uko jirani yenu. Tarehe 13 Desemba 1910 bonde la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Wakati huo watu walikuwa wachache na miji ya tofali hakuna. Bonde la ufa halijahama. Tetemeko la namna hiyo leo lingekuta kuta ndefu za tofali zilizojengwa kwa udongo, bila lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta), na pembetatu za ukuta chini ya paa zikiwa zimesimama peke yake. Janga lingekuwa lilelile, maafa yangekuwa mengine. Lenta inayozunguka kuta zote bila kukatika, yenye nondo 4 za milimita 12 na ringi kila sentimita 20, ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba. Wanaoiruka huwa wameshanunua vigae.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Muulize mwenyekiti wako kamati ya kijiji ni akina nani.

Kamwene wahariri. Huku Njombe mwezi wa Juni na Julai tunalala na jiko la mkaa. Mama mkwe anasema mkaa ukishakolea na moshi ukaisha hauna madhara, na tukiweka beseni la maji chumbani ndiyo salama zaidi. Naomba mnisaidie kumjibu kwa heshima. (Msomaji, Njombe)

Kamwene sana. Mwambie mama hivi: moshi ulikuwa unawasaidia, maana uliwawasha macho mkatoka nje. Mkaa uliokolea hauna moshi lakini unaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikifika kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni, na nguvu yake ya kushika inaizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hakosi pumzi wala hakohoi. Anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unamzidi. Aliyekwisha kulala hazioni hata dalili hizo.

Beseni la maji halisaidii, kwa kuwa hewa hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kufaa. Kumnywesha maziwa aliyezidiwa nako hakusaidii, na asiyejitambua anaweza kupaliwa. Kufungua dirisha kidogo kunapunguza tu, hasa kwenye nyumba zetu ambazo tunaziba upenyo wa mlango kwa gunia ili baridi isipite. Mama mjamzito ndani ya chumba ni hatari mara mbili: mtoto tumboni huumia zaidi, na hewa hiyo hukaa muda mrefu kwenye damu yake.

Desturi inayofaa ni hii. Jiko liwashwe nje hadi likolee. Likiingizwa, mlango na dirisha viwe wazi na watu wawe macho. Kabla ya kulala jiko litoke nje, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu. Kitandani tumieni chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa, na blanketi moja liwe chini ya mtu, kwa sababu baridi nyingi hupanda kutoka godoroni.

Mkikuta watu wamezidiwa: fungueni mlango wote kwanza, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, mburute mmoja, toka. Usikae ndani kumwamsha. Akiwa anapumua alazwe ubavu. Akiwa hapumui, anzeni kumsaidia kupumua na kumkandamiza kifua kama kuna anayejua. Hata aliyeamka na kusema “niko sawa” apelekwe hospitali apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni ya hospitali inachukua saa moja na kitu. Pia kusahausahau au kubadilika tabia kunaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye.

Jambo moja zaidi kwa watu wa zahanati: familia nzima ikiamka na kichwa na kutapika asubuhi ya Julai, bila homa, ulizeni habari za jiko kabla ya kuandika malaria.

Kyela hapakunyesha, lakini mto ulijaa usiku. Tutajuaje mapema? (Msomaji, Kyela)

Kiwira, Mbaka na Lufilyo hazisubiri mvua yenu. Zinakusanya maji ya milima ya Rungwe, zinashuka kasi, kisha zinafika kwenye tambarare lenu na kutawanyika. Ziwa Nyasa likiwa limejaa, maji hayana haraka ya kuondoka. Kwa hiyo tahadhari ya kwanza ni simu ya ndugu aliyeko Tukuyu. Ya pili ni nguzo mtoni: ipakeni rangi kila nusu mita, na mkubaliane maji yakifika alama ipi wazee, wagonjwa na watoto wanahama, hata kama ni usiku.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomeni yote, msiishie kwenye rangi. Ina mistari miwili tofauti: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Uwezekano “mdogo” wenye athari “kubwa” bado ni sababu ya kupandisha mbegu ya mpunga darini na kuwatoa ng'ombe mabondeni. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha kifundo cha mguu na kidogo zaidi, sentimita 15, yanatosha kumwangusha mtu mzima. Mafuriko yakipita, vyoo vimeshachanganyika na visima. Chemsheni maji hadi yatokote, hata yakionekana maangavu.

Je, volkano za Rungwe zimekufa? (Msomaji, Tukuyu)

Hazijafa. Mlima Kyejo ulimwaga lava karibu mwaka 1800, na kwa umri wa milima hiyo ni jana. Lakini hatari ya kila siku kwenu ni hewa ya ukaa (kaboni dioksidi, si ile ya jiko) inayotoka ardhini sehemu za Kyejo na bonde la Mbaka, ileile inayovunwa kwa ajili ya soda. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa alfajiri pasipo upepo. Ukiona ndege au wadudu wamekufa kwenye shimo, usiiname, na usimpeleke mtoto kuokota. Kipimo cha mshumaa kisikudanganye: mwali huzimika hewa hiyo ikiwa imeshafika kiwango cha kumwangusha mtu.

Tenki la mafuta likipinduka mteremko wa Iwambi, tukae umbali gani? Vijana wanasema dizeli haina shida. (Msomaji, Mbalizi)

Tenki moja lina vyumba kadhaa, na dizeli inaweza kusafiri na petroli. Baadhi ya matenki yana bango la rangi ya chungwa: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa. Kama hulioni ukiwa mbali, hesabu kwamba ni petroli. Mvuke wake ni mzito, unatambaa mtaroni hadi kwenye jiko la mama ntilie au injini ya bodaboda, kisha moto unarudi nyuma kufuata njia hiyohiyo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa hivyo.

Kama linavuja, mita 300, upande upepo unakotoka na juu ya mteremko. Kama linawaka, mita 800 pande zote. Zimeni majiko ya vibandani mapema, na msiwashe pikipiki kuikimbiza. Isukumeni au iacheni. Pigeni 114 ya Zimamoto, mtaje upande wa barabara na alama iliyo karibu. Na wenye vibanda mwishoni mwa mteremko, upande ambao lori lililokatika breki lingeishia, sogeeni upande wa pili wa kona hata kama wateja watapungua.